Shinikizo la Juu la Damu Katika Umri wa Kufanya Kazi: Vihatarishi Vyake na Wajibu Wetu

Kwa muda mrefu ugonjwa ambao wengi wetu huuita "presha" umehesabiwa kuwa ugonjwa wa wazee na wa watu wenye nafasi. Katika kuwapelekea wagonjwa Sakramenti ya Mpako Mtakatifu tumelazimika kuiacha fikra hiyo. Mara nyingi mno tumeingia katika nyumba na kumkuta amelala, upande mmoja wa mwili umepooza, baba wa miaka arobaini na kitu ambaye wiki iliyotangulia alikuwa juu ya jengo akipiga lipu, au mama ambaye asubuhi ile ile alikuwa amekwisha kupanga mafungu ya nyanya sokoni. Katika nyumba mojawapo mke alitutolea kutoka kabatini pakiti za dawa ambazo hazijafunguliwa. "Hakuwa akiumwa popote, Baba Padre," alituambia, "ndiyo maana akaziacha."

Kauli hiyo ya mama yule inabeba sehemu kubwa ya yale tunayotaka kueleza hapa. Shinikizo la juu la damu hujengeka polepole katika miaka ya nguvu, mtu akiwa kazini, akila, akilala na kuamka bila kujisikia mgonjwa. Linapojitangaza, mara nyingi limekwisha kuharibu moyo, figo, macho au ubongo.

Namba mbili na maana yake

Moyo unaposukuma damu, damu hiyo huzibana kuta za mishipa inamopita. Mbano huo ndio shinikizo la damu, nao hupimwa kwa milimita za zebaki. Namba ya juu huonyesha mbano wakati moyo unapojikaza na kusukuma. Namba ya chini huonyesha mbano wakati moyo unapolegea kabla ya pigo linalofuata. Mtu mzima akipimwa katika siku mbili tofauti, na kila siku namba ya juu ikawa 140 au zaidi, au ya chini ikawa 90 au zaidi, huhesabiwa kuwa ana shinikizo la juu. Namba moja pekee ikivuka inatosha; si lazima zivuke zote mbili.

Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba watu wazima zaidi ya bilioni 1.2 duniani wanaishi na hali hiyo, kwamba wengi wao wamo katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, na kwamba karibu nusu yao hawajui kuwa wanayo. Hapa Tanzania, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 uliowahusu watu wa miaka 25 hadi 64 ulikuta takriban mmoja kati ya wanne ana shinikizo la juu. Tuutazame tena umri huo, 25 hadi 64. Ndio umri wa wanaolipa ada za shule, wanaolima, wanaoendesha magari, wanaoongoza Jumuiya Ndogo Ndogo na wanaotoa zaka.

Neno "kihatarishi" linahitaji maelezo kidogo, kwa sababu mara nyingi huchanganywa na "chanzo". Kwa wagonjwa walio wengi haiwezekani kutaja jambo moja na kusema hili ndilo lililomletea ugonjwa. Yapo mambo ambayo kila moja huongeza uwezekano, na yakikutana kwa mtu mmoja huongezana nguvu. Mengine hatuwezi kuyabadili: umri unaosonga, na ukoo. Ambaye baba au mama yake alikuwa na presha, au alikufa kwa kiharusi akiwa bado kijana, anapaswa kupimwa mapema kuliko jirani yake. Mengine yamo mikononi mwetu, au mikononi mwa wanaotuajiri.

Ushahidi kutoka kandokando ya Ziwa

Wapo wanaosema kwamba presha ni ya damu yetu Waafrika, hivyo tumezaliwa nayo na hatuna la kufanya. Historia ya eneo letu hili la Afrika Mashariki inaonyesha vingine. Mwaka 1929 daktari Mwingereza aitwaye C. P. Donnison, aliyekuwa akifanya kazi Kavirondo ya Kusini, upande wa Kenya wa Ziwa Victoria, alichapisha vipimo vya shinikizo la damu vya wenyeji wapatao elfu moja. Alichokikuta kiliwashangaza wenzake wa Ulaya: baada ya miaka 40 shinikizo la watu wale halikuendelea kupanda kama lilivyopanda kwa Wazungu. Kuzeeka na kuwa na presha havikuwa lazima viende pamoja.

Miongo kadhaa baadaye watafiti walirudi katika nchi ileile ya Ziwa na kuuliza swali kali zaidi. Waliwafuatilia vijana wa Kijaluo, wasiozidi miaka 35, waliokuwa wakihama kutoka vijijini kwenda Nairobi kutafuta kazi, na kuwalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani. Matokeo yalichapishwa mwaka 1990. Shinikizo la damu la waliohama lilikuwa juu kuliko la waliobaki, na tofauti hiyo ilionekana mapema mno, katika miezi ya mwanzo kabisa ya maisha ya mjini. Mkojo wao ulionyesha kwamba walikuwa wakila chumvi zaidi na potasiamu kidogo zaidi. Mapigo ya moyo wao pia yalikuwa ya kasi kuliko ya ndugu zao wa kijijini.

Vijana wale walikuwa Wajaluo walewale, wenye damu ileile na mababu walewale. Kilichobadilika ni chungu, kazi na makao. Tunalisisitiza jambo hili kwa sababu kadiri tulivyosoma hatujakutana na ushahidi unaotugusa kwa karibu zaidi. Parokia zetu nyingi za mijini zimejaa vijana waliopanda basi miaka michache iliyopita wakiwa na begi moja. Na siku hizi vijiji vyenyewe vimeufuata mji: duka la kijijini lina soda, lina tambi za pakiti, lina vidonge vya kukoleza mchuzi, na pikipiki imechukua nafasi ya miguu.

Chumvi

Tuanze na chumvi, kwa kuwa ndicho kihatarishi kinachoeleweka vizuri zaidi na ambacho kukipunguza hakuna gharama. Chumvi inapozidi, mwili huzuia maji ili kuipooza. Damu huongezeka ujazo ndani ya mishipa ileile, na mbano hupanda. Figo ndizo zenye kazi ya kuitoa ziada hiyo. Zikifanyishwa kazi hiyo mwaka hata mwaka huchoka, nazo zikichoka shinikizo huzidi kupanda. Potasiamu husaidia figo kutoa chumvi. Tunaipata katika mboga za majani, maharage, ndizi, viazi, parachichi na matunda, yaani katika vyakula ambavyo kijana mwenye chumba kimoja mjini huviacha na kuchagua chipsi kwa sababu chipsi ni za haraka. Mwenye ugonjwa wa figo amwulize daktari kabla ya kujiongezea vyakula hivyo.

Kiasi kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani kwa mtu mzima ni chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku. Hicho ni takriban kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, na humo imo chumvi yote: ya mboga, ya ugali kwa wanaoutia, ya mkate, ya dagaa wakavu na ng'onda, ya soseji, ya vidonge vya mchuzi na ile inayonyunyizwa mezani. Mama akipika kwa chumvi ya kutosha, kisha akaongeza vidonge viwili vya kukoleza, kisha baba akavuta kichupa cha chumvi kabla hata ya kuonja, kijiko kile kimekwisha kupita zamani. Ulimi huzoea. Wanaopunguza kidogo kidogo hueleza kwamba baada ya wiki kadhaa chakula cha zamani huwaonekea kikali.

Hapa tukiri udhaifu wetu sisi mapadre. Tunakula katika nyumba za watu, na nyumba ikimpokea padre hupika kwa moyo wote, maana yake kwa mafuta na chumvi yote. Padre akikataa kipande cha pili cha kuku huonekana ameidharau nyumba. Tunawaomba akina mama wa WAWATA watusaidie katika hili bila kuona kwamba tumeukataa ukarimu wao.

Uzito, kinywaji, na dawa zinazosahaulika

Uzito uliozidi, hasa kitambi, huulazimisha moyo kusukuma kwa nguvu zaidi na huandamana mara kwa mara na kisukari. Bado miongoni mwetu kitambi huchukuliwa kuwa dalili ya neema na mke mwema. Kukaa muda mrefu bila mazoezi ni kihatarishi peke yake, hata kwa mwembamba. Kiasi kinachoshauriwa ni angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa kuharakisha pumzi. Mkulima na mbeba mizigo wamekwisha kuzitimiza. Karani, dereva, fundi cherehani na padre hawajazitimiza.

Pombe hupandisha shinikizo kadiri inavyoongezeka, iwe bia ya chupa, mbege au gongo. Kwa mishipa ya damu jina la kinywaji halina uzito. Tumbaku, iwe ya kuvuta au ugoro, hupandisha shinikizo kwa muda kila inapotumiwa, na zaidi ya hayo huiharibu mishipa yenyewe. Presha na sigara zikikutana, hatari ya kiharusi huwa kubwa mno.

Dawa ni eneo ambalo wengi hawalijui. Anayefanya kazi za kuinama na kunyanyua huwa na maumivu ya mgongo na magoti, naye hununua diklofenaki au ibuprofeni dukani wiki baada ya wiki. Dawa za kundi hilo hupandisha shinikizo la damu na kuzilemea figo. Vidonge vya kupanga uzazi vyenye homoni ya estrojeni navyo huweza kupandisha shinikizo kwa baadhi ya wanawake. Ni jambo la kitabibu linalojulikana, mbali na mafundisho ya Kanisa kuhusu uzazi, na mwanamke anayevitumia anastahili kuelezwa na kupimwa. Aidha, mama aliyewahi kupata kifafa cha mimba, au ambaye presha yake ilipanda akiwa mjamzito, asidhani mambo yameishia leba. Hatari yake ya kupata shinikizo la juu katika miaka inayofuata ni kubwa kuliko ya wenzake, naye aendelee kupimwa kila mwaka.

Kazi, usiku na Dominika

Watu wengi wakiulizwa presha hutoka wapi hujibu kwa neno moja: mawazo. Jibu hilo lina ukweli, ingawa mara nyingi hutumika kuficha chumvi na kitambi. Hofu na hasira humwaga katika damu homoni zinazoongeza kasi ya moyo na kubana mishipa. Hilo ni jema mtu akikutana na nyoka. Shida huanza pale nyoka anapokuwa mkopo wa kila wiki, au msimamizi asiyeridhika, na hali ile ikawa ya kila siku. Kazi zinazodai mengi huku zikimwachia mfanyakazi uhuru mdogo wa kuamua zimehusishwa na shinikizo la juu. Zipo pia zamu za usiku. Kwa kawaida shinikizo hushuka tunapolala, na mishipa hupata nafuu. Mlinzi, muuguzi na dereva wa masafa marefu hukosa nafuu hiyo. Anayekoroma kwa nguvu na pumzi yake kukatika usingizini, akaamka amechoka, amweleze daktari, kwa kuwa hali hiyo nayo ni kihatarishi kikubwa.

Upo utafiti mmoja ambao mtu wa Kanisa hawezi kuupita. Katikati ya miaka ya 1960 madaktari wa Italia walianza kuwafuatilia watawa 144 wa monasteri ya ndani, wanaoishi katika ukimya, sala na kazi, pamoja na wanawake walei 138 wa eneo hilohilo. Baada ya miaka 20 shinikizo la wanawake walei lilikuwa limepanda pamoja na umri, kama ilivyotarajiwa. La watawa lilikuwa karibu palepale lilipoanzia. Chumvi waliyokula haikutofautiana vya kutosha kueleza jambo hilo. Watafiti waliona kwamba maelezo yamo katika aina ya maisha: utulivu, ratiba isiyoyumba, kutokuwa na ushindani.

Tusiukuze utafiti huo kupita kipimo. Wanawake wale walitofautiana katika mengi, uzazi ukiwemo, na masista wetu wanaokesha wodini hawafanani na wamonaki wa ndani. Hata hivyo unatupa sababu ya kutolidharau pumziko. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitoa makadirio ya pamoja kwamba anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki yumo katika hatari ya kupata kiharusi iliyo kubwa kwa takriban asilimia 35 kuliko anayefanya saa 35 hadi 40. Papa Leo XIII, katika waraka wake Rerum Novarum wa mwaka 1891, alidai kwamba saa za kazi zisizidi nguvu za mtu na kwamba mfanyakazi apate pumziko la Dominika. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 2184 hadi 2188, inaendeleza fundisho hilo na kuwakumbusha wanaowaajiri wengine. Kwa hiyo mwamini mwenye karakana, duka au mashamba, anayewaita vijana wake Dominika zote pasipo siku nyingine ya kupumzika, ana jambo la kujiuliza mbele ya Mungu, na pia mbele ya afya ya vijana hao. Tunasema hivyo tukijua kwamba wapo wasio na uchaguzi: mama wa genge asipofungua hapati chakula cha jioni. Jumuiya inayomzunguka ndiyo inayopaswa kuliona hilo kabla ya kumlaumu.

Kupima, kumeza dawa, na imani

Miaka mitatu iliyopita, katika siku ya afya iliyoandaliwa na parokia tunayoihudumia, tuliketi wa kwanza mbele ya muuguzi ili kuwapa waamini mfano. Tulikuwa na miaka 43, na hatukujisikia vibaya hata kidogo. Kipimo kilionyesha 162 kwa 104. Tukatabasamu na kusema ni uchovu wa mahubiri. Muuguzi, binti tuliyempa Kipaimara akiwa shuleni, hakutabasamu. Alitutaka turudi baada ya siku tatu, na namba zikawa karibu zilezile. Tangu hapo tunameza kidonge kila asubuhi, tumepunguza kilo 9, na tumejua kwa nafsi yetu jinsi ilivyo rahisi kwa mtu asiyeumwa kukiacha kidonge.

Dawa za shinikizo hudhibiti, haziponyi. Mtu akipimwa na kukutwa na 125 kwa 80 akiwa anazitumia, namba hiyo ni kazi ya dawa. Akiziacha kwa kuwa amepona, shinikizo hurudi, mara nyingine kwa ghafula. Anayeona zinamletea kikohozi, kuvimba miguu au udhaifu, arudi kwa daktari abadilishiwe, maana zipo za aina nyingi. Kiharusi nacho kisitafutiwe mchawi. Mdomo ukienda upande, mkono ukikosa nguvu au maneno yakavurugika ghafula, mgonjwa apelekwe hospitali saa hiyohiyo. Kumzungusha kwa waganga au kumweka kwenye mkesha wa maombezi kwanza ni kumpotezea muda ambao haurudi. Kuhusu wahubiri wanaowaambia watu watupe dawa kama ushuhuda wa imani, Kanisa halifundishi hivyo. Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, anamfundisha mgonjwa kusali na pia kumpa tabibu nafasi yake, kwa kuwa dawa nazo zimetoka kwa Bwana. Katekisimu, namba 2288, inahesabu uhai na afya kuwa zawadi tuliyokabidhiwa tuitunze kwa busara.

Mambo mawili tumeulizwa mara nyingi hata yanastahili kuandikwa. La kwanza ni mfungo wa kabla ya Komunyo. Tumekutana na waamini wanaoruka kidonge cha asubuhi ili wasivunje mfungo wa saa moja. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 919, inaruhusu waziwazi maji na dawa ndani ya saa hiyo, na wazee na wagonjwa pamoja na wanaowahudumia hawabanwi na saa yenyewe. Kidonge kimezwe, kisha mtu aende Misani. La pili ni Kwaresima. Mfungo unawahusu wenye miaka 18 hadi wanapoanza mwaka wa 60, na mgonjwa ambaye mfungo ungemdhuru halazimiki. Anayetumia vidonge vya kutoa maji mwilini, au mwenye kisukari pamoja na presha, azungumze na daktari kabla ya Jumatano ya Majivu. Anayetaka toba ya kufaa anaweza kuondoa kichupa cha chumvi mezani kwa siku arobaini, na pombe pamoja nacho.

Katika parokia tunayoihudumia meza ya kipimo huwekwa chini ya mwembe Dominika ya kwanza ya kila mwezi, baada ya Misa ya pili, na wanaopima ni wauguzi waamini wanaojitolea. Anayekuja apite chooni kwanza, asiwe amekunywa kahawa wala kuvuta sigara katika nusu saa iliyotangulia, aketi dakika tano ameegemea kiti, miguu ikikanyaga chini, mkono ukilala mezani usawa wa moyo. Maongezi na jirani yasubiri mpaka mashine imalize kusoma, kwa kuwa hata kuzungumza hupandisha namba.